Titi moja limevimba miaka 11 baada ya kuwekewa vipandikizi: nifanye nini?

*"Daktari, shikamoo. Nina miaka 43. Huu ni mwaka wa 11 tangu niwekewe vipandikizi vya silikoni kwenye matiti yote mawili, na muda wote huo sikuwahi kuumwa. Miezi miwili iliyopita titi la kushoto lilianza kujaa. Sidiria inabana upande huo tu. Haliumi, halina joto. Nilipewa antibiotiki za siku 7, likanywea kidogo, kisha likarudi palepale. Rafiki yangu anasema vipandikizi ni vya miaka 10, kwa hiyo vyangu vimeisha muda na vinaoza. Mwingine anasema vinaleta saratani. Kadi niliyopewa siku ya upasuaji siioni. Tena kwa muda mrefu nachoka ovyo, viungo vinauma, nasahausahau. Je, ni vyenyewe? Nivitoe? Nilikosea kuviweka?"*

Marahaba, dada yangu. Umeuliza mengi na yote nitayafikia, ila niruhusu nianze na hilo titi la kushoto, kwa sababu mengine yanaweza kusubiri na hilo haliwezi.

Titi lenye kipandikizi likivimba lenyewe baada ya mwaka mmoja au zaidi tangu upasuaji, bila kugongwa, bila homa, bila sababu inayoonekana, linatakiwa kupimwa kwa ultrasaundi mapema. Kama kuna maji yamejikusanya kuzunguka kipandikizi, yavutwe kwa sindano na kupelekwa maabara. Nakuomba uende wiki hii. Sisemi hivyo kwa kuwa nakuona una saratani. Uwezekano mkubwa ni kwamba huna. Kipandikizi kinaweza kuwa kimepasuka kwa ndani. Kimshipa cha damu kinaweza kuwa kimechanika kwa msuguano wa miaka. Vijidudu vilivyokaa kimya muda mrefu vinaweza kuwa vimeamka. Lakini upo ugonjwa mmoja ambao huanza hivihivi unavyoeleza, polepole, upande mmoja, bila maumivu, miaka mingi baada ya upasuaji, na ukiwahiwa wengi hupona kwa upasuaji peke yake. Kwa ajili ya ugonjwa huo ndiyo maana sitaki usubiri mwezi mwingine.

Hizo antibiotiki hazikukudhuru, ila zimekupotezea muda. Uvimbe wa namna hii hupanda na kushuka wenyewe, na ukishuka wakati mtu yuko kwenye dozi, kila mmoja hudhani dawa imefanya kazi. Niliwahi kumpokea mama mmoja aliyekuwa amepewa dozi 3 ndani ya mwaka mmoja, kwa titi ambalo halikuwa na wekundu wala joto. Nilipovuta, bomba la sindano lilijaa maji ya manjano yenye ukungu, yakateremka taratibu kwenye kioo. Hayakuwa usaha. Maabara walirudisha jibu la limfoma, aina ya saratani, ugonjwa huohuo ninaousema. Alitolewa vipandikizi pamoja na utando wote uliovizunguka na hakuhitaji dawa nyingine. Yuko mzima. Bado naufikiria ule mwaka mmoja aliozungushwa, kwa kuwa wapo ambao mwaka kama huo umewagharimu zaidi.

Ultrasaundi yenyewe haiumi. Mpimaji atapitisha kifaa juu ya titi mpaka kwapani. Akikuambia kuna maji kidogo, usishtuke papo hapo: tabaka jembamba la maji kuzunguka kipandikizi huonekana kwa wanawake wengi wasio na tatizo lolote. Kinachotafutwa ni maji mengi, au donge lililoota kwenye utando, au mtoki uliovimba kwapani. Sindano huongozwa na picha hiyohiyo ili isitoboe kipandikizi. Naomba ulishikilie hili: mara ya kwanza kuvutwa ndiyo yenye thamani kubwa. Yavutwe mengi kadiri yanavyopatikana, mililita 50 zikiwezekana, na yote yaende maabara. Ukivutwa mara kadhaa kupunguziwa uvimbe tu, bila kupimwa, seli zinazotafutwa hupungua ndani ya maji mapya na jibu linaweza kutoka safi wakati tatizo lipo. Nimeona bakuli la maji ya namna hiyo likimwagwa kwenye sinki. Usikubali.

Mwambie daktari wako hivi, hata ukimsomea kwenye simu: "Nina vipandikizi, uvimbe umeanza mwaka wa 11, naomba maji yaoteshwe kuangalia vijidudu, seli zake ziangaliwe kwa darubini, na kipimo cha CD30 kifanyike." Hiyo CD30 ni alama iliyo juu ya seli za ugonjwa ninaousema. Mtaalamu wa maabara asipoambiwa kwamba mgonjwa ana kipandikizi, anaweza asiitafute kabisa, na hapo kosa si lake.

Sasa niuelezee ugonjwa wenyewe, kwa maana neno saratani ukilisikia nusunusu linatisha kuliko ukilijua lote. Si saratani ya titi ile tuliyoizoea. Ni limfoma, saratani ya seli za kinga za mwili, inayoota kwenye utando wa kovu uliozunguka kipandikizi au kwenye maji yaliyo ndani ya utando huo. Madaktari huiita kwa kifupi BIA-ALCL. Mgonjwa wa kwanza aliandikwa kwenye jarida la kitabibu mwaka 1997. Mwaka 2011 mamlaka ya dawa na vifaa tiba ya Marekani, FDA, ilitangaza kwamba huenda kuna uhusiano na vipandikizi, na mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani likautambua kuwa ugonjwa unaojitegemea. Kwa kawaida hujitokeza kati ya mwaka wa 8 na wa 10 baada ya upasuaji, ingawa wapo waliougua mapema zaidi na wapo waliochelewa sana.

Jambo linalotenganisha wanawake walio kwenye hatari na wasio kwenye hatari ni ganda la kipandikizi. Maganda yapo ya aina mbili kubwa: nyororo, na ya kuparuza. Ukipitisha kidole kwenye lile la kuparuza unahisi kama msasa mlaini. Lilibuniwa kwa nia njema: nyama ya mwili ishike kwenye vitundu vyake, kipandikizi kisizunguke, na kovu lisijikaze. Lakini vitundu hivyo huhifadhi vijidudu na kuufanya mwili uwake uvimbe wa chinichini kwa miaka, na dhana yenye nguvu zaidi leo ni kwamba uvimbe huo wa kudumu ndio unaozigeuza seli za kinga. Karibu wagonjwa wote ambao historia yao inajulikana waliwahi kuwa na ganda la kuparuza. Mwezi wa Aprili 2019 Ufaransa ilipiga marufuku maganda yenye mparuzo mkali. Julai mwaka huohuo FDA iliitaka kampuni ya Allergan iondoe sokoni vipandikizi vyake vya Biocell, na kampuni ikaviondoa dunia nzima. Wakati huo taarifa zilizokusanywa zilikuwa za wagonjwa 573, wakiwemo 481 waliohusishwa na bidhaa za kampuni hiyo, na vifo 33. Kufikia Juni 2023 hesabu ya FDA ilikuwa wagonjwa 1,264 na vifo 63.

Pima namba hizo kwa uzito wake. Wanawake wenye vipandikizi duniani ni mamilioni, kwa hiyo ugonjwa huu ni nadra. Ndiyo maana mwanamke mwenye ganda la kuparuza asiye na dalili yoyote hashauriwi kukimbilia upasuaji, maana upasuaji nao una hatari zake. Ila vyako viliwekwa wakati Biocell bado inauzwa, hujui ni ganda gani ulilo nalo, na una dalili. Huo unadra ni faraja kwa asiyevimba. Wewe usiutumie kama sababu ya kukaa.

Mwezi Septemba 2022 FDA iliongeza tahadhari nyingine: saratani za aina tofauti, ikiwemo ile ya seli bapa, zimeonekana kwenye utando huohuo, kwa wanawake wachache sana, na hizi hazikuchagua ganda nyororo au la kuparuza, wala kipandikizi kilichojazwa silikoni au maji ya chumvi. Dalili zilizotajwa ni uvimbe, maumivu, donge, mabadiliko ya ngozi. Kwa hiyo hata ukigundua vyako ni nyororo, safari yako ya kwenda kupima iko palepale.

Rafiki yako wa miaka 10 ana nusu ya ukweli. Silikoni haiozi. Hakuna tarehe ndani ya kifua ambayo ikifika kitu kinageuka sumu, na mwanamke ambaye vipandikizi vyake vina miaka 15, vipimo vyake ni safi na mwenyewe ameridhika navyo, simwambii avitoe kwa sababu ya kalenda. Nusu aliyoipatia ni kwamba hivi si vitu vya maisha yote. Ganda huchoka, mwili hubadilika, na kadiri miaka inavyokwenda ndivyo uwezekano wa kurudi kwenye meza ya upasuaji unavyokua. FDA ilipopitia takwimu mwaka 2011 ilieleza kwamba kati ya wanawake 5 waliowekewa kwa ajili ya kuongeza ukubwa, 1 atahitaji kuvitoa ndani ya miaka 10. Kwa waliojengewa titi upya baada ya saratani, inaweza kufika 1 kati ya 2, maana ngozi yao mara nyingi imebaki nyembamba na wengine imepigwa mionzi. Tangu Oktoba 2021 Marekani inalazimisha onyo zito kwenye kila kipandikizi, linalosema waziwazi kwamba si kifaa cha maisha yote, na mgonjwa husomewa orodha ya hatari moja baada ya nyingine na kuweka sahihi yake kabla ya kukatwa.

Hapa naomba niseme kwa uchungu. Binti wa miaka 25 anayewekewa vipandikizi leo anatakiwa aambiwe, kabla hajavua nguo, kwamba anaanza safari yenye upasuaji mwingine mmoja, pengine miwili, mbele yake, na kwamba gharama na kovu la huo wa pili ni vyake pia. Wengi hawaambiwi. Wanaambiwa ukubwa na umbo, wanaonyeshwa picha. Wewe mwenyewe hukuandika popote kwamba uliwahi kuambiwa urudi kupimwa, na naona si kwa kusahau.

Tatizo la kawaida kuliko yote wala si saratani, ni kovu. Mwili ukikutana na kitu kigeni usichoweza kukimeng'enya wala kukitoa, hukijengea ukuta. Kila mwenye kipandikizi ana ukuta huo, tunauita kapsuli. Ukiwa mtulivu ni mwembamba na laini, unafanana na ule utando mweupe wa ndani ya ganda la yai, na mwenye nao hata hajui kama upo. Kwa baadhi ya wanawake ukuta hunenepa na kujikaza, kama ngumi inayofumba taratibu, na kipandikizi kilichokuwa laini kinaminywa mpaka kinakuwa tufe. Tunaupima kwa daraja 4 za Baker. Daraja la 1 titi ni laini, la 2 mkono unahisi ugumu lakini jicho halioni kitu, la 3 umbo limeshaharibika, la 4 limeharibika na linauma. Unaweza kujichunguza: lala chali. Titi la kawaida hutawanyika kidogo kuelekea ubavuni. Lililokazwa hubaki limesimama pale juu kama mpira.

Nimetoa kapsuli za zamani zilizojaa chokaa mpaka mkasi ukiuma unasikia kama unavunja ganda la yai. Mwenye nazo alikuwa analala upande mmoja kwa miaka 4 na akaona ni umri.

Sababu za kujikaza ni nyingi: damu iliyobaki baada ya upasuaji, vijidudu wachache wa kwenye ngozi walioingia na kujijengea tabaka juu ya ganda, mionzi, jeli iliyovuja. Nyingi hutokea miaka ya mwanzo. Kwa hiyo titi lililokuwa laini miaka 10 likianza kukakamaa ghafla, mimi huwaza kwanza kwamba kipandikizi kimepasuka. Tiba yake ni upasuaji, kuondoa kapsuli na kuweka kipandikizi kipya au kutoweka tena. Zamani walikuwepo madaktari waliolikamata titi kwa mikono miwili na kuliminya kwa nguvu mpaka kapsuli inapasuka. Mtu yeyote akikuambia atakufanyia hivyo, iwe daktari au mkandaji, ondoka. Kinachopasuka huenda kikawa kipandikizi chenyewe.

Na kupasuka kwa kipandikizi cha silikoni ndilo jambo ambalo wanawake wengi hulikosea. Kile cha maji ya chumvi kikitoboka huwezi kukosa kujua: siku chache titi limenywea, mwili umeyafyonza maji na kuyatoa bila madhara, na kilichobaki ni kwenda kubadilishiwa. Cha silikoni hunyamaza. Ganda linachanika, jeli inabaki palepale ndani ya kapsuli, titi halibadiliki, hakuna maumivu. Mwanamke hajui, na daktari anayeshika kwa mkono naye hajui. Picha pekee ndiyo inayosema. Ndiyo maana tangu mwaka 2020 FDA inashauri mwenye silikoni afanyiwe ultrasaundi au MRI (picha ya mashine ya sumaku) akifikisha miaka 5 hadi 6 baada ya upasuaji, kisha kila baada ya miaka 2 hadi 3, hata kama hana shida yoyote. Wewe ungekuwa umeshapimwa mara 2 au 3. MRI ya kutafuta mpasuko haihitaji kuchomwa dawa ya rangi, na ndiyo inayoona vizuri kuliko zote. Mwombe daktari wako uifanye pia, baada ya maji kuvutwa.

Jeli ya miaka ya karibuni ni nzito. Ukikata kipandikizi katikati kwa kisu, nusu mbili zinabaki zimesimama. Ya zamani ilikuwa inatiririka. Lakini hata ile nzito, ikikaa nje ya ganda kwa miaka huanza kunata: ukiishika ndani ya upasuaji, nyuzi zinavutika kati ya vidole vya glavu kama gundi na kila chombo unachogusa kinateleza, tunabadilisha glavu mara 3 au 4 kabla ya kumaliza. Ikivuka kapsuli inaweza kuingia kwenye nyama ya titi na kutengeneza vinundu, au kusafiri hadi mitoki ya kwapani. Vinundu hivyo si saratani, ila kwenye picha vinaweza kufanana nayo na kumfanya mtu akatwe vipande vya kupimwa bila sababu. Kipandikizi cha silikoni kilichopasuka kinatakiwa kutolewa. Si dharura ya usiku, ila si cha kuachwa mpaka mwakani.

Hili linanirudisha kwenye kadi yako, na usilichukulie kama jambo dogo la makaratasi. Mwaka 2010 mamlaka za Ufaransa zilisimamisha bidhaa za kampuni ya Poly Implant Prothèse baada ya kugundulika kwamba ilikuwa inajaza vipandikizi vyake silikoni ya viwandani, isiyoidhinishwa kuwekwa mwilini. Vilikuwa vimewekwa kwa wanawake wapatao 300,000 katika nchi zipatazo 65, na vilipasuka kwa wingi na mapema kuliko vingine. Mwanzilishi wake, Jean-Claude Mas, alihukumiwa kifungo cha miaka 4 mwaka 2013. Wanawake wenye kadi walijua siku hiyohiyo kama jambo linawahusu. Wasio na kadi walikaa na hofu kwa miezi. Vyako viliwekwa baada ya kampuni hiyo kufungwa, kwa hiyo hilo halikugusi, lakini la Biocell linaweza kukugusa, na jibu liko kwenye kikaratasi chenye jina la kampuni, aina ya ganda, ukubwa na namba ya utambulisho.

Nenda pale ulipofanyiwa, uombe nakala ya ripoti ya upasuaji. Humo hubandikwa stika za vipandikizi vyenyewe. Kama daktari ameondoka, faili ni la kituo, siyo lake. Kama kituo kimefungwa, tafuta risiti, picha za simu za siku zile, hata barua ya kuruhusiwa kutoka wodini. Na ikitokea vikatolewa, omba vipigwe picha mbele na nyuma kabla ya kutupwa, kwa sababu mara nyingi jina la kampuni na ukubwa vimechapwa kwenye kiraka cha upande wa nyuma.

Kuhusu uchovu, viungo na kusahau. Wanawake wengi wenye vipandikizi wameeleza mkusanyiko huohuo wa dalili, pamoja na vipele, nywele kukatika na usingizi mbovu, na wenyewe wanauita ugonjwa wa vipandikizi. Mjadala huu ni wa zamani. Mwaka 1992 FDA ilisimamisha silikoni kwa wanaotaka kuongeza ukubwa, kampuni ya Dow Corning ikaomba kulindwa dhidi ya kufilisika mwaka 1995 chini ya mzigo wa kesi, kisha mwaka 1999 Taasisi ya Tiba ya Marekani ikapitia tafiti zote na kusema haikuona ushahidi kwamba silikoni inaleta magonjwa ya mwili mzima. Silikoni ikaruhusiwa tena mwaka 2006. Madaktari wengi walilichukua hilo kama ruhusa ya kuwaambia wanawake kwamba wanajiumiza kwa mawazo, na nadhani tulikosea sana. Leo onyo la FDA lenyewe linataja dalili hizo. Hakuna kipimo cha damu cha kuuthibitisha, na yeyote anayekuuzia kipimo hicho anakuibia. Lakini wapo wengi ambao vilipotolewa walipata nafuu ya kweli, baadhi ikakaa, baadhi ikarudi nyuma baada ya muda.

Kwa hiyo dalili zako naziamini. Ila kabla ya kuzitundika kwenye vipandikizi, pimwa damu kama imepungua, tezi ya shingo, sukari, vitamini D, na magonjwa ya viungo yenye vipimo. Una miaka 43, na homoni zinazoanza kubadilika zinaweza kuchosha na kusahaulisha vilevile. Nimewaona wanawake waliotoa vipandikizi wakabaki na uchovu uleule, kumbe tezi ilikuwa imelala miaka 3. Na ukiambiwa kwamba lazima ukatwe kapsuli yote kwa mkupuo ili dalili hizi ziishe, uliza sababu. Kwa limfoma ndiyo, kutoa kila kitu ni lazima. Kwa uchovu na viungo, kutoa utando wote hakujaonyesha nafuu kubwa kuliko kutoa kipandikizi peke yake, na kukwangua utando uliolala juu ya mbavu kunaongeza damu na hatari ya kutoboa pafu.

Saratani ya titi ya kawaida haiongezwi na vipandikizi; hilo limefuatiliwa kwa muda mrefu kwa wanawake wengi. Shida ya vipandikizi ni kwamba vinaziba picha. Kwenye mamogramu, yaani eksirei ya titi, kipandikizi huonekana kama kivuli cheupe, na nyama iliyo nyuma yake haionekani. Usiache kupiga mamogramu kwa kuogopa kitapasuka, hatari hiyo ni ndogo. Mwambie mpiga picha mwanzoni kabisa kwamba una vipandikizi, atakisukuma nyuma kuelekea kifuani na kuvuta nyama ya titi mbele, kisha apige picha za ziada kwa kila upande.

Umeuliza kama ulikosea. Hukukosea, dada. Uliamua kwa yale uliyoambiwa. Kama kuna aliyekosa, ni aliyekuwa na wajibu wa kukuambia mengine na hakukuambia.

Kuhusu kuvitoa, usiamue leo. Jibu la maji likitoka na CD30 ikawa ipo, uamuzi hauko tena mikononi mwa hisia: vyote viwili vitoke pamoja na kapsuli, kwa mpasuaji anayefanya kazi bega kwa bega na daktari wa saratani, na kabla ya hapo upigwe picha za mwili mzima kuona kama kuna palipofikiwa. Likitoka safi lakini MRI ikaonyesha mpasuko, kilichopasuka kinatoka, na hapo utachagua kuweka kingine au kubaki bila. Yote yakiwa safi, maji yakikauka yasirudi, una nafasi ya kufikiri kwa utulivu. Ujue tu kwamba titi lililobeba uzito miaka 11 halirudi lilivyokuwa. Ngozi imevutika, nyama ya ndani imekandamizwa. Wengine wanahitaji kuinuliwa titi wakati huohuo, wengine ngozi inajivuta yenyewe ndani ya miezi kadhaa na wanaridhika. Mwombe mpasuaji akuonyeshe picha za waliotoa bila kuweka vingine, siyo za waliobadilisha tu.

Kwa sasa andika mahali tarehe uvimbe ulipoanza, lala chali uangalie kama matiti yote mawili yanatawanyika sawa, jiguse kwapani, kisha uende ultrasaundi. Nenda na mtu wa kukusindikiza ambaye hatakuambia "si unapungua wenyewe." Majibu ya maji yakitoka niandikie, hata kama ni safi, na uniandikie maneno yote yaliyo kwenye karatasi ya maabara kama yalivyo.